Mgeni Aliyekunja Nguo za Majirani

Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii sikuwahi kupewa meza. Meza yangu ilikuwa zulia la sebuleni kwa watu, na saa zangu za kazi zilianza mtoto alipovua viatu. Ninyi mnaoingia sasa mmepewa tableti na mafunzo ya siku tatu. Hongereni. Mimi nilipewa Mama Njeri na mfuko wa plastiki, na mfuko ndio uliochoka mapema.

Siku ya kuniaga mliniomba niseme neno. Nilisema asante nikakaa, kwa kuwa keki ilikuwa imeanza kulainika na watu walikuwa wanaiangalia kuliko walivyoniangalia mimi. Maneno niliyoyabakiza ndiyo haya. Nayaandika hapa mjini Lackawanna, karibu na dirisha, theluji ikishuka polepole kama kitu kisicho na mahali pa kufika.

Kwanza mjue ni nani anayewaandikia, maana wengine wenu mnadhani nilisomea akili za watoto. Niliacha shule darasa la nne, kambini, upande wa Kigoma, ambako wazazi wangu walinifikisha kutoka Burundi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Sikufukuzwa. Dirisha la darasa lilitazama barabara, na kila lori lililopita nilitaka kujua linakwenda wapi. Mwalimu akanihamishia upande wa pili. Upande wa pili kulikuwa na mlango.

Ugonjwa huo haukunitoka. Tulipoletwa Marekani nilikuwa mtu mzima tayari, na wakati wenzangu wanatafuta nyumba ya kutulia, mimi nilikuwa nasoma ramani ya mabasi. Nimefunga maboksi, nimekata kuku, nimetandika vitanda vya hoteli. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa jinsi mashine zinavyokwenda, kisha hamu ikanitoka na mimi nikatoka. Kanisani waliniita Mama Mabegi. Walikosea kidogo: begi lilikuwa moja.

Kazi hii niliipata Louisville kwa sababu ya umbea. Nilikuwa nakaa Highview, kwenye apatimenti zilizo nyuma ya safu ya maduka. Asubuhi moja, kituo cha basi, nikamwona mwanamke wa Kikenya ameketi kwenye nyasi na msichana mdogo, wote wawili wanachambua maharage makavu na kuyatia mfukoni. Hawakuongea. Walichambua kama watu waliolipwa kwa kila punje. Basi langu likaja, likaondoka.

"Samahani, mama," nikasema. "Mnafanya nini?"

"Tuko kazini."

"Kazi ya nani, yako au yake?"

"Yetu. Na wewe unatu-disturb." Kisha akasogea, akanipisha nafasi kwenye nyasi. "Keti basi, kama umeshachelewa."

Huyo ndiye Mama Njeri. Alinieleza kazi yake jioni ile, kwa sauti ya mtu anayesimulia mapishi. Kuna shirika dogo, lile lile linalowaajiri ninyi leo, linaleta watoto kutoka vituo vya yatima vya nchi za mbali wakati wa likizo ya kiangazi. Mtoto anakaa wiki tano kwa familia inayotamani kumlea moja kwa moja. Mtoto mwenyewe anaambiwa tu kwamba yuko likizo, ili asivunjike moyo jambo lisipotimia. Kwa hiyo nyumba nzima inajua habari, isipokuwa yule ambaye habari ni yake. Msindikizaji ndiye mtu wa katikati: anajua lugha ya mtoto, anafika kila siku, anatazama, na kila Ijumaa anaandika ripoti. Mtoto akisharudi kwao, familia ikiwa bado inamtaka, afisa wa huko humkalisha mtoto na kumwuliza. Kwa mtoto mwenye umri wa kujieleza, neno lake ndilo linalokata. Akisema hapana, au asiposema kitu, faili linafungwa.

"Na huwa wanasema nini?" nikauliza.

"Inategemea kama kuna mtu aliwaona," alisema Mama Njeri.

Sikumwelewa. Nilianza kazi wiki iliyofuata kwa sababu hiyo hiyo.

Mafundisho yake yalikuwa machache, nami nimeyatumia mpaka juzi. Keti chini kuliko mtoto. Siku ya kwanza usimwulize chochote, hata jina, maana jina lake unalo kwenye karatasi. Beba kazi inayotaka mikono miwili: maharage, uzi na sindano kubwa, sufu ya kuviringisha. Maharage niliyonunua kwa ajili ya kazi hii yangetosha harusi tatu. Na usimwambie mtoto kamwe asiogope. "Daktari akikuambia relax," alisema Mama Njeri, "si ndiyo unaanza kujiuliza kuna nini?"

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa msichana wa miaka sita aliyeingia chini ya meza ya kulia chakula na kukataa kutoka. Nililala chali sakafuni karibu naye, nikiangalia upande wa chini wa meza ambao hakuna fundi anayeupaka vanishi. Feni ilizunguka. Nje mtu alikuwa anakata nyasi kwa mashine, na sauti ile ilikuja na kwenda, ikaja na kwenda. Nilipofumbua macho, saa nzima ilikuwa imepita na miguu yangu ilikuwa mitupu. Ilinibidi niseme ukweli.

"Umelala kazini siku ya kwanza?" aliniuliza Mama Njeri.

"Nimelala."

"Na mtoto?"

"Amenivua viatu na kuvipanga mlangoni."

"Basi umeajiriwa."

Miaka kadhaa baadaye nilihamia Columbus, Ohio. Msitafute sababu, niliona jina la mji kwenye kibao cha barabara, nikaona ni refu kuliko Louisville ninavyolitamka. Shirika lilikuwa na familia huko pia, na hawakuwa na mtu wa Kirundi. Ni huko, kitongoji cha Hilliard, nilikokutana na kesi ninayotaka kuwasimulia, kwa kuwa mimi ndiye niliyekosea ndani yake.

Familia ilikuwa ya Wakongo. Baba Gloria, mtu wa Uvira, alifanya kazi ghalani akiendesha mashine ya kunyanyua mizigo. Mama Gloria, wa Bukavu, alihudumia wazee majumbani mwao. Walikuwa na binti mmoja tu, Gloria, miaka tisa, aliyezaliwa hapa. Baada yake Mungu alinyamaza, ndivyo Mama Gloria alivyoniambia, nao baada ya kusubiri wakaamua kwenda kumtafuta mtoto mahali alipo. Kanisani waliulizwa kwa nini wasichukue wa ukoo. Baba Gloria alijibu kwamba wa ukoo wana ukoo.

Mtoto aliitwa Kezia. Alikuwa na miaka kumi, alitoka kituo kimoja cha Bujumbura, kichwa kimenyolewa, begi dogo amelikumbatia kifuani. Uwanja wa ndege nilimwambia neno moja tu la Kirundi, amahoro, yaani amani, na akaniitikia kwa adabu ya mtu mzima aliyekuja msibani.

Mkiwahi kuingia nyumba ya watu wa Kivu mnajua mgeni anavyopokelewa. Waumini walijaa. Sombe, ndiyo kisamvu chao, samaki, wali, Fanta ya machungwa. Kezia aliwekwa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufumwa, mahali ambapo huketi mchungaji. Baba Gloria alipasua kuku kwa mikono yake na kumwekea firigisi, ile ile ambayo katika nyumba zetu watu wazima hugombania bila kutamka. Nilimwona Gloria anaitazama ile firigisi ikivuka meza.

Mambo yaliendelea hivyo. Kezia akinyanyua sahani yake, Mama Gloria anaruka. "Hapana, hapana, mama! Mugeni hashikake kazi. Tutaonekana watu ya namna gani?" Akitaka kufagia, ufagio unafichwa. Kikombe kinachukuliwa mkononi mwake kabla hajamaliza. Gloria alikunja nguo, Gloria alipanga viatu, Gloria alitoa takataka, na kila alipotumwa alijibu kwa Kiingereza na kupita mbele ya kochi polepole sana. Kezia alikaa pale mikono juu ya magoti akisema asante.

Gloria aliambiwa kila kitu kuhusu Kezia. Ndiye mtoto pekee duniani aliyetunza siri ile, kwa wiki tano, ndani ya chumba kimoja cha kulala na mwenye siri mwenyewe. Aliambiwa, hakuulizwa. Nalijua hilo sasa. Wakati ule nilikuwa natazama upande mwingine.

Ijumaa ya kwanza niliandika: mtoto ametulia, anakula, ana adabu. Ijumaa ya pili nikaandika hivyo hivyo. Msimamizi wetu wa Columbus, Mmarekani aliyeitwa Bi Donna, alifurahi. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye kalamu nne, naye aliichukia kazi ya nyumbani kwa mtoto mgeni kuliko alivyouchukia moto. Alikuwa na sababu. Zamani kuna familia, si hii, iliyotaka mtoto wa kulea kumbe ilitaka mtumishi. Tangu hapo ilikuwa kanuni, na imeandikwa kwa herufi nene: mtoto mgeni hapewi kazi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kanuni ya ofisi na desturi ya kwetu zilikubaliana. Hilo tu lingetosha kunitia wasiwasi.

Wiki ya tatu, saa tisa mchana, Kezia akapotea.

Nilifika nikamkuta Mama Gloria kwenye maegesho na sare yake ya kazi, kiatu kimoja mkononi. Alikuwa ameingia kuoga, akatoka akakuta kochi tupu. Gloria alikuwa chumbani na vipokea sauti masikioni. Baba Gloria alikuwa anazunguka mitaa na gari, ameshusha vioo, anaita. Tulitazama bwawa la kuogelea kwanza, msiniulize kwa nini kwanza. Maji yalikuwa ya buluu na hayakuwa na mtu. Tulitazama dukani, kituo cha basi, uwanja wa watoto wenye bembea iliyokuwa bado inayumba, na kuyumba kule nimeshakuota mara nyingi.

Nilimpata jengo la pili, kwenye chumba cha kufulia cha wapangaji wote.

Nikikumbuka chumba kile nakiona kama kiko ndani ya maji. Mashine za kukaushia zilikuwa zinazunguka zote, ukuta mzima wa vioo vya duara, na nyuma ya kila kioo rangi za nguo zilipanda zikaanguka, zikapanda zikaanguka. Joto lilinukia sabuni. Jua liliingia kwa kidirisha cha juu na vumbi la pamba lilielea ndani yake bila kushuka. Katikati, kwenye meza ndefu, Kezia alisimama juu ya kikapu kilichopinduliwa, anakunja. Alikuwa na rundo la nguo za majirani mbele yake na mikono yake ilikwenda bila yeye kuitazama: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, katikati, geuza. Uso wake ulikuwa umefunguka. Wiki tatu nilikuwa nimekaa na mtoto yule na sikuwa nimeuona uso huo.

Mmarekani mmoja mnene, dereva wa kupeleka vifurushi, alikuwa amesimama na kikapu kitupu. "Ni wako?" aliniuliza kwa sauti ya chini, kama tuko kanisani. "Amenifundisha soksi. Miaka hamsini nimekuwa nikizikosea."

Ndipo nikaona alichofanya. Hakuzipanga nguo kwa mwenye nguo. Alizipanga kwa ukubwa. Za watoto wachanga hapa, za wadogo hapa, za wakubwa hapa, kama wanavyofanya kituoni kwao, ambako shati halina mwenyewe, lina saizi tu. Chupi za dereva zilikuwa zimelala salama na zile za bibi wa ghorofa ya pili.

Nilikaa sakafuni. Niliongea naye Kirundi.

"Mbona umetoka bila kuaga?"

"Sikutoka. Nilikuja kazini."

"Nani kakupa kazi?"

"Hakuna aliyenipa. Ndiyo maana nilikuja." Alikunja moja zaidi. Mama Gloria alikuwa amefika mlangoni, anahema, na Kezia alipomwona alihamia Kiswahili, kwa heshima, ili asimsengenye mbele yake. "Kule kwetu wageni wanakuja Jumamosi. Wanapewa viti na soda. Wanapigwa picha. Halafu wanaondoka." Akalainisha kola kwa kiganja. "Mimi hapa napewa kiti."

Mama Gloria aliweka kiatu chake chini, akakivaa taratibu, kama ndicho kilichomleta.

Baba Gloria aliwasili akasimuliwa. Alisimama akitazama mashine zinavyozunguka. "Bon," akasema. "Donc kumbe siye njo tunamufukuza mutoto, na hii Fanta."

Kisha wapangaji wakaanza kuja, mmoja mmoja, na tukatumia saa nzima kutafuta nani ni mwenye nini. Bibi wa ghorofa ya pili alikasirika. Wengine walicheka. Kezia alishangaa kabisa kwamba mtu anaweza kuijua soksi yake.

Siku iliyofuata Mama Gloria alimwaga kikapu cha nguo za nyumbani sakafuni na kusema, "Kezia, saidia dada yako." Hakuna jambo zuri lililofuata, si kwa namna mnayotarajia. Gloria alisema kwa Kiingereza kwamba shati la njano lilikunjwa vibaya. Kezia alisema kwa Kirundi kwamba halikukunjwa vibaya. Mimi nilikuwa nimelipwa kutafsiri lakini hawakunihitaji. Shati lilivutwa pande mbili, likachanika kwapani, na Baba Gloria akatokea jikoni akawagombeza wote wawili kwa sauti moja, kwa lugha tatu, bila kupunguza chochote kwa ajili ya mgeni. Kezia aliinamisha kichwa. Nikamwona anamtazama Gloria kwa pembeni, kupima kama naye ameinamisha.

Usiku ule hakuna aliyesema asante mezani. Nilipoambiwa hivyo kesho yake nilijua tumevuka mahali.

Sasa ikaja Ijumaa, na hapa ndipo nataka mnisikilize, kwa kuwa jambo hili litakuja kuwaangukia na ninyi. Mama Gloria alinifuata hadi kwenye gari. Alinishika kiwiko.

"Dada, usiandike ile ya nguo."

"Ya kupotea nimeshamwambia Bi Donna, jana."

"Ya kupotea, andika. Ile ya kumupa kazi, usiandike. Ule mama wa kalamu atasema tunatafuta boyesi, mutumishi. Watafunga. Dada, minakuomba. Nilisubiri miaka nane."

Nilikaa ndani ya gari na karatasi kwenye usukani. Ningeweza kuandika tena: ametulia, anakula, ana adabu. Sentensi ile ilikuwa tayari mkononi, ilijiandika yenyewe. Na kwa mara ya kwanza ingewasaidia. Lakini sentensi ile ilikuwa uongo hata nilipoiandika nikiamini ni kweli, mara mbili, nikimtazama mtoto aliyekaa kitini kama mzigo unaosubiri gari, na nikasema huyo ametulia. Niliogopa kwamba nikiiandika mara ya tatu sitaweza tena kumwona mtoto yeyote.

Basi niliandika kila kitu. Chumba cha kufulia, kazi, shati lililochanika. Mwishoni niliongeza kwamba ripoti zangu mbili za mwanzo zilikuwa na makosa, na makosa ni yangu.

Bi Donna alikuja Jumatatu bila kupiga simu. Mama Gloria alimkaribisha kwa uso wa mtu anayefunguliwa mlango wa mahakama. Watoto walikuwa sakafuni, kikapu katikati yao, hawaongei. Bi Donna alitoa kalamu moja. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha aliuliza swali moja, na si kwa mzazi.

"Gloria," alisema, "kabla ya huyu hajaja, nani alikuwa anafanya hii kazi?"

"Mimi," alisema Gloria. "Yote."

"Na sasa?"

"Nusu." Akatupa soksi. "Nusu yake iko vizuri kuliko yangu. Inaudhi."

Bi Donna aliandika kitu. Alipofika mlangoni aliniambia kwamba faili litabaki wazi, na kwamba mimi nimevunja kanuni kwa kuchelewa kumtaarifu siku mtoto alipopotea, na kwamba ataniandikia onyo. Aliniandikia. Lipo kwenye faili langu, ni karatasi safi, yenye herufi nzuri, na mnaruhusiwa kuisoma.

Wiki mbili zilizobaki zilipita kama zinavyopita siku za kiangazi mtu asipozihesabu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Redio ya kanisa ilizungumza peke yake. Nilikuwa naketi na maharage yangu ambayo hakuna aliyeyataka tena, nikiwatazama wale wawili wakivuka chumba na mashuka, kila mmoja na ncha zake, wakikutana na kuachana. Hawakuwa marafiki. Sitawadanganya. Walikuwa watu wawili wenye kazi moja.

Uwanja wa ndege Mama Gloria alilia na Baba Gloria alisoma ubao wa safari ambazo hazikumhusu. Gloria alikataa kushuka kwenye gari.

Baada ya hapo nilihama, mnanijua. Nilikuja Buffalo kutazama ziwa, nikakaa Lackawanna kwa sababu nilitaka kuelewa kiwanda kile cha chuma kilichokufa kilifanyaje kazi kilipokuwa hai, na safari hii sikuelewa upesi, nikazeeka hapa hapa. Mwaka ulipita na miezi. Kisha Mama Gloria akapiga simu.

Afisa wa Bujumbura alikuwa amemwita Kezia mara mbili na kumwuliza kama anakubali kwenda kuishi na familia ya Hilliard. Mara mbili Kezia alikaa kimya. Hakulia, hakutikisa kichwa. Kimya. Ya tatu ingekuwa ya mwisho, na kimya kikiandikwa mara tatu huwa ni hapana. Afisa, kwa huruma, alikubali mara hiyo familia ionekane kwenye simu, mradi yule msindikizaji wa kwanza awepo kushuhudia kwamba hakuna anayembembeleza mtoto.

Nilipanda basi. Ohio ilipita dirishani na mashamba yake ya mahindi, yote sawa, na nilijikuta nasali, jambo ambalo huwa nalifanya kwa kuchelewa.

Niliwakuta wamevaa nguo za kanisani. Waliketi kwenye kochi lile, simu imeegemezwa kwenye Biblia. Gloria alisimama mlangoni mwa jikoni, nusu ndani, nusu nje; alikuwa amerefuka. Skrini ikawaka. Kezia alikuwa ndani ya ofisi yenye kabati la chuma, na nywele zake zilikuwa zimeachwa kidogo.

Afisa alisoma swali kwenye karatasi. Baba na mama walikatazwa kusema. Mama Gloria alikuwa ameuma ncha ya kitenge chake. Mimi nilishika kalamu. Kezia alitazama skrini kwa utulivu, akapita uso wa Baba Gloria, akapita wa Mama Gloria, akaendelea kutafuta.

"Kezia," alisema afisa, "ni lazima niandike kitu."

"Kuna mmoja hajaniambia kitu," alisema Kezia. "Tulilala chumba kimoja, na hajawahi kusema nije wala nisije."

Hakuna aliyekataza watoto kusema. Nilikagua karatasi: waliandika wazazi. Nikageuka nikamtazama Gloria, na sikumwambia lolote, hilo naapa.

Gloria alikuja hadi kwenye zulia. Akapiga magoti ili uso wake uingie kwenye picha. Mtoto yule sikuwahi kumsikia anaongea Kiswahili zaidi ya "asante" ya kulazimishwa. Alikitafuta neno kwa neno, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Vyombo ya Jumatano," alisema, "iko yako. Mimi sioshi tena Jumatano. Nimechoka."

Mama Gloria alifumba macho.

Bujumbura, Kezia alijiweka sawa kwenye kiti chake. Alimgeukia afisa.

"Niandike nini?" aliuliza afisa.

"Andika," alisema Kezia, "kwamba Jumatano nina kazi."